Njaa ya Mjane

Jumanne, 9 Julai
Siku ya pili godorini, mahali pa mjane hadi mazishi. Blanketi mabegani, mshumaa, ukuta. Bheki wangu yuko mochwari na mimi nina njaa! Nimechoma sindano yangu ya sukari, nikala sahani nzima ya ugali na maharage, nikaramba na vidole. Akina mama wa kanisa wakaja kusali, wakaikuta tupu. Mmoja akamnong'oneza mwenzake: Mume hajazikwa, sahani inang'aa! Hilo koo linapitishaje?
Nilisikia. Natamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 10 Julai
Wifi Hlengiwe kaleta supu. Nikasema haipiti. Wageni wakanihurumia – kumbe ndivyo wanavyotaka! Baadaye nimekula skonzi chini ya blanketi huku nalia. Namlilia Bheki au najililia mwenyewe, sijui.

Alhamisi, 11 Julai
Nimezimia.
Asubuhi nilichoma sindano kama kawaida. Chai ikaja pamoja na wageni, sikuigusa. Jasho, mikono ikatetemeka, giza. Kuzinduka, mtu ananimiminia soda mdomoni na chumba kizima kinalia: Mapenzi hayo! Anataka kumfuata mumewe! Yule mama wa sahani kapiga magoti kuniomba radhi.
Nilipaswa kusema: ni sindano bila chakula, jamani, nesi alinionya. Nikafumba macho. Nikasifiwa. Mungu anisamehe, niliona raha.

Ijumaa, 12 Julai
Kesho tunazika. Mchungaji kasema atanitaja kaburini, mke wa mfano. Aibu tupu.
Nimekula vizuri asubuhi, mlango ukiwa umefungwa. Lakini Mama mkwe! Naye ana sukari, tangu kabla sijaolewa. Sasa hivi kachoma sindano yake hapa godorini, kisha kaisukuma sahani. Hlengiwe anamsihi: Mama, utaanguka, japo vijiko viwili. Anajibu: "Mke tu kazimia kwa uchungu. Mimi niliyemzaa nitafune?"
Akina mama wanaitikia, amina, amina. Hakuna anayemlazimisha. Ananishika goti, ananiambia: "Umenifundisha, mwanangu."
Nami nimeinamia daftari! Wanadhani naandika sala. Nikisema, kesho nitazika mume huku wakinicheka. Nisiposema...
Paji la uso wake limeanza kung'aa jasho.
Sasa naiweka kalamu. Ile sahani nitaivuta kwangu, nitakula mimi kwanza, mbele ya macho yao wote, halafu nitasema: ilikuwa sindano tu, Mama, kula –