Kijiti cha Giaboksi

Jumanne jioni

Sijawahi kumwambia mtu kwamba nakisoma kwa siri kitabu cha gari ambalo Baba humwendeshea daktari. Linajibadilishia gia lenyewe. Leo injini ilinguruma tu, mlima ukalishinda. Kama lisingepona, Baba angepoteza kazi, na pamoja nayo pasi ya kutembea, kibali ambacho bila hicho askari humkamata mtu njiani.

Salimu, fundi wa magari wa mtaa wa Majengo, alizima injini kama afanyavyo kwa malori, akapima mafuta ya giaboksi kwa kijiti chake. "Yamejaa. Huu ni ugonjwa wa kizungu, mzee."

Nikasema, "Baba, kitabu kinasema yapimwe injini ikiwaka; ikizimwa hurudi chini yakaonekana mengi."

Salimu akacheka. Baba akawasha injini, akapima tena.

Kijiti kilitoka karibu kikavu.

Tuliongeza mafuta, gari likapanda. "Kitabu kikae kwako," Baba alisema, Salimu akisikia.

Sikifichi tena: nimekifunika kwa gazeti kisichafuke, nikakiweka pamoja na vitabu vya shule.