Mama Praygod na Chupa za Msituni

Mwika, Moshi
14 Septemba 2024

Mpendwa kaka Yakobo,

Shikamoo kaka. Habari za Mtwara, na habari za joto lenu? Kile kikohozi ulichoondoka nacho Pasaka kimekwisha au bado unakificha? Wifi Beatrice na watoto hawajambo? Nawaona wote machoni pangu ninapoandika, na ninamwomba Mungu barua hii iwakute mkiwa na afya na chakula mezani.

Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi kwenye baridi, lakini jua likishatoka humkuti ndani, yuko kwenye kahawa anachuma zilizoiva na kuwagombeza ndege. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike. Mama amempa jina la Beatrice. Mwambie wifi asikasirike, kwa Mama hiyo ni heshima kubwa.

Mwanao Hosea naye ni mzima na anakwenda shule. Nalisema hili mapema ili usisome yanayofuata moyo ukidunda. Kwenye simu nimejaribu kukueleza, lakini mtandao hukatika kila ninapofika penye maana. Nimeona nikae chini niandike yote.

Unaukumbuka msitu wa juu ya shamba letu la kihamba, pale maji ya mtoni yanapochepushwa kuingia kwenye mfongo unaomwagilia migomba yetu? Tangu mwaka jana vijana wamepafanya baa. Jumamosi na siku za likizo utasikia muziki wa spika mpaka huku nyumbani. Wanakunywa bia na zile pombe kali za chupa ndogo, kisha kila kitu wanakiacha hapo hapo: chupa, mifuko, vijiko vya plastiki. Mbega waliokuwa wakitutazama kutoka juu ya miti wamehama. Sote tulilalamika, na hakuna aliyefanya lolote. Kila mzazi alisema ni watoto wa mjini, wanapanda na bodaboda kutoka Soweto ya Moshi mjini.

Likizo ya Juni bomba zilikauka. Filemon, jirani yetu wa bondeni, akamtuma binti yake Kindness kuchota maji kwenye mfongo. Ni yule mdogo wa darasa la nne, mwenye maneno mengi. Alikanyaga kigae cha chupa kilichokuwa ndani ya matope, kikamkata mshipa wa kisigino. Kaka, kilio kile sitakisahau. Tulimfunga kwa khanga yangu, Filemon akambeba akikimbia mpaka barabarani, na hospitali mjini wakampasua kuushona mshipa. Daktari alisema hawezi kuahidi kwamba atatembea kama zamani.

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa, baada ya ibada. Watu walikuja na hasira zao. Wengine walitaka mgambo wapelekwe na fimbo, wengine walitaka msitu ufungwe kabisa. Lakini ule wimbo wa Soweto haukubadilika. Kila aliyesimama aliwatupia lawama watoto wa mjini, na vijana wetu wengi walikuwa wamekaa nyuma wameinamisha vichwa.

Hapo akasimama Mama Praygod.

Rachel unamfahamu, yule mjane anayepeleka ndizi Tarakea siku za soko. Si mtu wa mikutano. Hata kwenye vikao vya akina mama huwa anakaa karibu na mlango. Siku ile alikuwa amevaa kitambaa chake cheusi cha kichwani, na aliongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Watoto wa Soweto tusiwasingizie," alisema. "Chupa iliyomkata Kindness aliivunja mwanangu Praygod. Ameniambia mwenyewe."

Baadaye alinisimulia ilivyokuwa. Praygod alikuwa hali, halali. Asubuhi moja wakiwa wanakata majani ya ng'ombe, akamuuliza, una nini? Kijana akaketi chini kwenye majani akalia kama mtoto mchanga. Alikuwa ameirusha chupa kwenye jiwe la mfongo ili wenzake wacheke. Mama yake hakumpiga. Alimwambia, "Jumapili tutasema. Nitaanza mimi, halafu wewe."

Mkutano ulichafuka. Mwanamke mmoja nyuma yangu alipiga kelele, "Mama gani wewe unamuuza mwanao?"

Rachel akageuka. "Simuuzi, mama," akasema. "Namtaka arudi." Kisha akamshika Praygod mkono, akamsimamisha.

Mwenyekiti akamtaka kijana awataje wenzake wote. Praygod akasema, "Nitajisemea mwenyewe. Niliivunja mimi. Namwomba Kindness na baba yake wanisamehe." Wala hakuongeza jina la mtu yeyote. Nikawaona wazazi wakitazamana, kila mmoja akiomba jina la mtoto wake lisitajwe, na mimi nilikuwa mmoja wao, maana Jumamosi nyingi Hosea aliniaga anakwenda kusoma kwa rafiki yake.

Kaka, sasa ndipo nakuomba usome taratibu. Hosea alikuwa amekaa kati yangu na Mama. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha nikaona amesimama.

"Na mimi nilikuwepo," alisema. "Chupa nyingine nilizileta mimi. Nilicheka alipoivunja."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alikuwa ameshika ncha ya shati lake, nikadhani anataka kumvuta akae. Kumbe alimshikilia tu, na hakumwachia mpaka mwisho. Kijana wako hakukaa chini, wala hakujitetea. Aibu niliyoisikia siku ile ilikuwa kubwa, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kilichonifanya ninyooshe mgongo.

Sote tukamtazama Filemon. Unajua hasira za Filemon zilivyo. Alikuja taratibu mpaka mbele ya wale vijana wawili, nami nikafumba macho. Nikamsikia akisema, "Jumatano mtoto anarudishwa hospitali kubadilishiwa bandeji. Kile kilima cha kufika barabarani kimenimaliza mgongo. Mtakuja kumbeba." Akachukua kofia yake akaondoka.

Wakaenda. Mara ya kwanza Kindness aligoma kupanda mgongoni kwa Praygod. Alimwuliza mbele ya watu, "Leo umekunywa?" Kijana akasema hapana. "Nipumulie nisikie." Praygod ikambidi ampumulie usoni, mwanamume mzima mwenye ndevu zinazoota. Ndipo akakubali kubebwa, na njia nzima alikuwa akitoa amri: "Polepole, mimi si mkungu wa ndizi!" Walimbeba kila safari ya hospitali mpaka nyuzi zilipotolewa, Hosea akimpokea Praygod penye mteremko mkali.

Msitu nao walianza kuusafisha wao wawili. Vijana wengine walikaa juu ya magogo wakiwacheka, wakawarushia hata maganda. Siku iliyofuata Rachel akapanda na viatu vyake vya mvua na gunia, akainama kwenye matope ya mfongo bila kumsemesha mtu. Huwezi kumcheka mama wa watu aliyeinama kwenye matope, kaka. Mmoja akashuka kwenye gogo, akafuata mwingine. Mimi nilikwenda na jembe, na hata yule mwanamke aliyepiga kelele mkutanoni alikuja na mwanawe, ingawa alisimama mbali na Rachel. Tulitoa vigae mpaka mikono ikafa ganzi.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Wapo vijana waliohamia ng'ambo ya bonde na spika yao. Praygod mwenyewe aliteleza mwezi uliopita, akarudi nyumbani anayumba, na mama yake akamlaza, asubuhi akamwamsha kwenda kukata majani kama kawaida. Kuna mwenye duka aliyekuwa akiwauzia watoto pombe. Rachel alikwenda kusimama mlangoni pake akamwambia mbele ya wateja kwamba hatatoka mpaka aahidi kuacha. Aliahidi. Tangu hapo kuna nyumba ambazo hazimpi salamu Rachel. Yeye huwasalimia vilevile, akapita na ndizi zake kichwani. Nimeishi jirani yake miaka yote hii nikidhani namfahamu.

Kindness anatembea. Anachechemea kidogo akichoka, na daktari ana tumaini kwamba akikua itapungua. Juzi nilimkuta anamfokea Hosea kwa kuchelewa kumfundisha hesabu.

Kaka, Hosea anajua ninakuandikia. Nilimwuliza kama kuna jambo nilifiche, akajibu, "Hapana, shangazi, mwambie baba yote." Anaogopa sana simu yako. Nakusihi, utakapopiga, mwache aongee kwanza. Najua utataka kumkemea, na utakuwa na haki. Lakini wewe hukuwepo uwanjani siku ile. Mimi nilikuwepo, na ninakwambia kwamba mbele ya watu wazima tuliokuwa tumekaa kimya, mwanao alisimama. Mwambie umesikia hilo pia.

Nisalimie wifi Beatrice, umbusu mwanetu mdogo Elifuraha, na umsalimie jirani yenu mzee Jacob aliyetuletea zile korosho. Mama anakusalimu sana na anasema Krismasi usipokuja atakuja yeye, na magoti yake hayohayo. Mungu awalinde mnapotoka na mnapoingia, awape kazi yenye baraka na usingizi mtamu.

Mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Elisifa