Ubao Uliougeuza

Mpendwa Baba Aika,

Karakana bado inanuka mbao za mringaringa. Nimefagia, nimefungua madirisha ya upande wa mlima, lakini harufu haitoki, na mimi sina haraka ya kuitoa. Mashine ya ruta, ile ya kukatia na kuchongea mbao, nimeifunika kwa khanga yangu ya zamani. Ungeiona ungenicheka: "Mama Aika, mashine haipati mafua."

Unakumbuka ulivyoileta? Kahawa ilikuwa imeanguka bei, wenzako wa Masama wanang'oa mibuni wapande nyanya, wewe ukashuka Moshi mjini ukarudi umepakata mashine ya mtumba kama mtoto mchanga. Biti zake, vile visu vinavyozunguka, zote zilikuwa butu. Mlango wa kwanza ulitoka na kingo zilizoungua, nyeusi kama ndizi iliyosahauliwa kwenye jivu. Ulinuna siku nzima, hata mtori wangu wa ndizi ukaukataa!

Baadaye ulipata biti za msokoto kutoka Nairobi, ukanifundisha kuzichagua. Hii inavuta vumbi juu: haiunguzi mbao, lakini inachana uso wa juu. Hii inasukuma vumbi chini: juu panatoka laini, michaniko yote inabaki chini. Kabla sijawasha mashine ulikuwa na swali lilelile, "Upande gani utaonekana?" Huo ndio tuliolaza juu, tukafunga biti ya kusukuma chini. Nilichoka kuulizwa. Leo natamani uniulize.

Kisha malaria ikamchukua Aika wetu, hata shule hajaanza. Jeneza ulilitengeneza peke yako, msaada wangu ukaukataa. Pale kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, watu waliona kifuniko chenye michaniko juu kote. Jirani akanong'ona, "Fundi mzima, kazi gani hii?" Nikaona aibu, halafu nikakukasirikia wewe.

Matanga yalipokwisha nilikuuliza. Ulikuwa unanoa patasi, hukuinua macho.

"Niliugeuza ubao," ukasema. "Na msasa niliokuwa nao niliumalizia ndani. Nje mmeangalia siku moja. Ndani anakaa yeye."

Hatukulizungumza tena.

Moyo wako uliposimama, mdogo wako Elia alikuja akitaka tukanunue jeneza mjini, lile la rangi ya kung'aa. Nikamwambia nitalitengeneza mwenyewe.

"Shemeji, mke achonge jeneza la mumewe? Watu watasemaje?"

"Kinyozi hajinyoi, Elia. Kaka yako hawezi kujichongea. Nitamchongea mimi."

Nililia mbele yake bila kujificha. Aliondoka, nikadhani ameenda kuwaita wazee wanizuie. Akarudi amebeba zile mbao za mringaringa ulizokuwa unazikausha darini, akaziegemeza ukutani na kukaa nje kunisubiri.

Nilifunga biti ya kusukuma chini, ile kali uliyonikataza kukatia plaiwudi. Nikaulaza ubao, upande wa ndani juu. Katikati nikazima mashine, nikanywa maji, nikaanza upya. Nilipomaliza nilipitisha kidole kwenye ukingo wa ndani, ukawa laini kabisa. Nje palichanika, nami nikapaacha hivyo hivyo. Msasa niliupiga ndani tu.

Wakati wa kukushusha, Elia aliweka kiganja kwenye kifuniko, akakitoa haraka. Kibanzi kilikuwa kimemchoma. Akanitazama.

"Kwa ndani ni safi," nikamwambia.

Macho yakamjaa machozi. "Haya, shemeji," akasema.

Sasa wateja wameanza kubisha hodi. Mmoja anataka kabati, nami nimemwambia asubiri, kwa sababu ile biti bado iko kwenye mashine na sijaweza kuifungua. Kazi siiogopi, ulinifundisha vizuri. Ninachokiogopa ni kingine, na nakwambia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Aika ulimgeuzia wewe. Wewe nimekugeuzia mimi. Mimi, Baba Aika, nani atanigeuzia ubao?

Msalimie mtoto. Pumzikeni.

Mkeo,
Mama Aika