Halua Juu ya Jabali

Shikamoo Mama,

Jana mkweo na wenzake wa chuoni walinipeleka jangwani, kwenye hifadhi, tukapanda jabali hili unaloliona pichani. Mie nikajua huko juu tunakwenda kwa mtu, nikabeba ile halua uliyonifungia, nisije nikaingia mikono mitupu. Jua lile, Mama! Midomo ilinipasuka. Kufika juu, mawe na upepo, hata kibanda hamna. Nikauliza, “Wenyeji wako wapi?” Wakacheka, wakapiga picha, wakasema basi, tushuke. Sijawaelewa mpaka leo. Nikaifungua halua palepale, nikawakaribisha mie.

Nisalimie Temeke nzima. Usicheke, lakini tangu nije Marekani, ndiyo kwanza nimepata wageni.

Mwanao, Mwanaidi