Katika Hadithi Hii Hakuna Aliyekufa

Fedha, Embakasi,
Nairobi.
Tarehe 9 Septemba.

Kwa mdogo wangu Muthoki,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako la kushoto limeanza kuukubali mteremko wa kwenda mtoni. Nauliza pia hali ya mbaazi, hali ya mbuzi, na hali ya lile paa la jikoni lililong'olewa na upepo. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee: macho yanaona ya karibu, masikio yanachagua ya kusikia, lakini mkono wa kuchorea bado hautetemeki. Salamu zenyewe sitaziweka hapa juu, mahali pake pa kawaida. Siku tuliyomzika Koki ulinishika mkono kando ya kaburi ukaniambia nisikusalimu tena, kwa mdomo wala kwa karatasi, mpaka niwe na habari za mtu aliyemuua mwanao. Nimetii. Leo habari ninazo, ila nivumilie nizieleze tangu mwanzo, kama unavyonijua.

Unakumbuka Koki alivyotuambia pale hospitalini, sauti ikiwa imeshaanza kumkauka. Nahashon, mwenye duka la dawa karibu na Spine Road huko Kayole, yule anayeitwa Daktari na kila mtu ingawa hakuna chuo kinachomkumbuka, alimwambia kwamba sindano za sukari zinazoesha mwili uvivu. Akampa chupa ya kahawia isiyo na maandishi, akamwagiza aache sindano. Mwanao akaziacha, na tukamzika.

Nilikwenda polisi. Afisa aliyepewa kazi hiyo, kijana mpole aitwaye Mukhwana, alifika dukani akarudi na jibu moja tu: Nahashon anasema hajawahi kumwona msichana huyo wala kulisikia jina lake. Chupa haikuwa na jina, na shahidi wa pekee tulikuwa tumeshamfukia. Mukhwana aliniambia faili haijafungwa, imelala tu. Nilimjibu kwamba mimi sina usingizi, basi nitaisubiri iamke. Tangu siku hiyo sikuomba jambo lingine kwa Mungu ila nimwone Nahashon akishikwa na ulimi wake mwenyewe.

Sasa nikueleze habari za katuni, maana bila hizo hutaelewa. Unajua kazi niliyoifanya maisha yangu yote, ile uliyokuwa ukiita kuchora matumbo: picha za mwili wa binadamu kwa wanafunzi wa udaktari. Nesi mmoja wa kituo cha afya cha Kayole, Roseline Awiti, alinitafuta kwa sababu hiyo. Anasomea shahada ya pili, na utafiti wake ni wa katuni katika matibabu. Anataka kujua kama mgonjwa anayepewa hadithi ya picha hushika zaidi kuliko yule anayepewa karatasi ya maelezo. Nilicheka, nikasema katuni ni za watoto. Hakubishana nami. Alinitoa hadi langoni akanionyesha mama muuza mandazi, na mandazi yenyewe yamefungwa kwa karatasi za maelezo ya ugonjwa wa sukari, safi kabisa, hazijasomwa. Katuni, alisema, mtu huenda nazo nyumbani akamsomea jirani.

Ana namna yake ya kuzipima kabla ya kuzichapisha, na nakuomba uikumbuke. Mgonjwa akiwa benchini anangoja zamu, Awiti humwonyesha ukurasa ambao maneno yote yamefunikwa kwa vipande vya karatasi. Kisha humwuliza swali moja: unaona nini? Hamsaidii, hamrekebishi. Anasema jicho husoma picha kabla ya maneno, na kile lilichokiona kwanza ndicho mtu ataondoka nacho. Niliwahi kuchora mtu aliyetaharuki, matone ya jasho yakimruka kichwani, kama wachoraji wafanyavyo. Kondakta mmoja akauliza mbona mvua inamnyeshea mzee huyu peke yake, ameikosea nini serikali? Benchi zima likacheka, nami nikayafuta matone.

Lakini kisasi kina haraka, Muthoki, hata kwa mzee. Nilikwenda Kayole nikajifanya nanunua dawa ya kikohozi, nikamtazama Nahashon kwa makini: paji pana, pengo la meno, koti jeupe lililopigwa pasi, kile kipimo cha mapigo ya moyo kikining'inia shingoni. Nilimchora hivyo hivyo. Chini nikaandika kwamba watu wajihadhari na daktari wa uongo. Awiti alitaka tupime kwanza. Nikakataa, nikachapisha mwenyewe na kubandika ukutani kutoka Kayole hadi Pipeline.

Baada ya siku chache Awiti aliniita nikaone. Nahashon alikuwa ameikata picha yangu, maneno ya chini ameyaacha ukutani, akaitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika mlangoni mwa duka. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba hata hospitali kubwa zimemtambua, ndiyo maana zimemchora. Vijana wa stejini, pale matatu zinapopakia abiria, walikuwa wakimpigia saluti na kumwambia, "Daktari, umeweza, sasa wewe ni seleb, mtu maarufu!" Wateja waliongezeka. Mkono wangu mwenyewe, Muthoki, ulikuwa umempambia duka muuaji wa mwanao. Nilirudi nyumbani nikalala bila kula.

Awiti hakunisuta. Alinieleza tu, kama anavyowaeleza wagonjwa, kwamba koti jeupe likishachorwa jeupe, hakuna maneno yatakayolitia doa. Tusimchore yeye, alisema. Tumchore anayenunua.

Basi nikaanza upya. Safari hii nilichora kitabu kidogo cha katuni, na ndani yake duka ni dirisha dogo lenye nyavu za chuma, na muuzaji ni mikono miwili tu inayosukuma chupa ya kahawia. Nje amesimama msichana. Anauliza dawa hii inaitwaje. Anauliza imetengenezwa na nani. Anauliza, nikiacha sindano yangu leo, kesho ni nani atakayenipima damu? Mikono inazidi tu kuisukuma chupa. Katika ukurasa wa mwisho msichana anaiacha pale pale, anakwenda kituoni kuchomwa sindano yake, kisha tunamwona nyumbani akila ugali na sukuma wiki, akicheka. Hadithi yote ni hiyo. Tuliipima benchini mara nyingi, na kila mtu alisema anamwona msichana mwerevu.

Kitabu kikasambaa, na kurasa zake zikabandikwa kutani na milangoni. Watu walianza kusimama kwenye dirisha la Nahashon na kuuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, kama wanaokariri katekisimu. Mama mmoja muuza mboga alimwambia kwamba hata kitunguu chake kina jina la kijiji kilikotoka, sembuse dawa. Kondakta yule wa mvua alipita akapaza sauti: "Dokta, chupa haina jina, na wewe je, unalo?" Wateja wakapungua, wakaadimika. Nilikuwa nikienda kukaa kwenye kibanda cha chai kilicho mkabala na duka, nikinywa polepole, nikimtazama akipanguza kaunta isiyo na vumbi. Sitakudanganya kwamba nilimhurumia. Chai ile ilikuwa tamu.

Mkewe alikuja kituo cha afya bila mumewe kujua. Alisema watoto wao wanataniwa shuleni, wanaitwa Watoto wa Chupa, akaniomba nisimamishe kitabu. Nilimpa kiti, nikamsikiliza hadi mwisho, nikamwambia pole ya kweli kwa ajili ya watoto. Kesho yake nikamwomba Awiti tuchapishe vingine.

Ndipo Nahashon akaja mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu, siku ya wagonjwa wa sukari, benchi limejaa, na Mukhwana alikuwa amekaa hapo hapo akimngojea mama yake apimwe. Nahashon alikuwa amekishika kitabu mkononi, kimekunjamana, akidai aonyeshwe mtu anayemharibia kazi. Hakunijua. Kwake nilikuwa mzee mwenye penseli. Nilisimama, nikampisha akae, nikamwambia kwa upole kwamba maoni ya kila msomaji hupokelewa hapa kwa utaratibu. Nikachukua ukurasa wa mwisho, ule wa ugali, nikafunika maneno, nikauweka mbele yake. Nikamwuliza: unaona nini?

Alijibu kwa sauti iliyosikika hadi dirisha la dawa. Alisema anaona watu wakatili waliomfufua marehemu ili wamfungie yeye riziki.

Awiti akamwuliza, kwa sauti ile ile anayomwulizia kila mtu, ni marehemu gani, maana katika hadithi hii hakuna aliyekufa.

Nahashon akasema asifanywe mjinga, huyo ni Koki, yule wa sukari wa ghorofa za nyuma ya Spine Road, na kama angemaliza chupa zote alizompa asingekufa.

Benchi zima likamgeukia. Hakuna aliyekuwa amelitamka jina hilo, na kitabuni halimo. Nahashon alitazama kushoto na kulia, akamwona Mukhwana akisimama taratibu, na nadhani wakati huo ndipo aliposikia alichokisema. Nilijitambulisha kwake. Nilimwambia mimi ni Kyule, mjomba wa Koki, na kwamba namshukuru kwa maoni yake.

Faili imeamka. Awiti ameandikisha taarifa, na wote wa benchi wameandikisha. Nahashon yuko rumande na duka lina kufuli. Alipofikishwa kortini nilikaa mahali ambapo hana budi kuniona, nikamchora bila koti. Mchungaji wetu amenisihi nisamehe. Nimemjibu kwamba nitalifikiria nikishamaliza kuchora.

Sasa jambo ambalo nimelichelewesha. Umeshatambua, dada, kwamba nilimchora mwanao bila kukuuliza. Nilitumia picha ile aliyopigwa Krismasi: kile kilemba cha manjano, kile kidoti cha shavuni, na namna alivyofunika mdomo akicheka. Niliogopa kukuomba, maana ungekataa, nami nisingeweza kukaidi. Yumo katika kuta za Kayole, milango ya Pipeline, na mikoba ya wanawake nisiowajua. Ukija Nairobi utamwona yeye kabla ya kuniona mimi. Kama nimekukosea, niambie, nitazibandua picha zake moja moja kwa kucha zangu. Lakini ya yule mtu sijutii hata mstari mmoja.

Nimetia nakala ndani ya bahasha. Funika maneno kwa kiganja chako kwanza, umtazame tu. Anakula, anacheka, sindano yake ameshachomwa.

Wape heri majirani wa pale juu, na mwambie Nzivo, anayetuchungia mifugo, mbuzi wangu asimuuze. Na sasa, Muthoki, mwana wa mama yangu, nimetimiza uliloniagiza. Nakusalimu.

Ni mimi kaka yako,
Kyule