Jina Nililoliandika Kabla ya Siku ya Saba

Haya niliyaandika kwa mkono nikiwa mzazi wa siku sita, miaka ile foleni zilipokuwa hazijaisha na ruksa ya biashara ndiyo kwanza imeanza. Nayaweka hapa kama yalivyo.

Alhamisi, alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika lakini hewa imebaki nzito, na nepi zimegoma kukauka. Mtoto amelala. Nimeketi kitandani, daftari langu juu ya goti.

Leo nimeumbuka. Kosa lenyewe nililifanya wiki mbili zilizopita, ila leo ndiyo limesomwa kwa sauti mbele ya watu.

Kadi za kliniki zimekwisha tangu mwezi uliopita. Kila mzazi anaambiwa aje na daftari la shule, ndimo watakamoandika uzito wa mtoto na sindano zake. Hayo tumeshayazoea, maana hata kujifungua tunakwenda na wembe wetu, pamba yetu na uzi wetu wa kufungia kitovu. Lakini siku hizi vitu vimeanza kuonekana madukani, na kuna watu wameleta madaftari kutoka ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, yenye jalada gumu la kung'aa. Nikanunua moja lenye ua jekundu. Chini ya ua palikuwa na mstari mtupu wa kuandikia jina.

Nani angeuacha hivi hivi?

Mimi ni mpiga chapa katika ofisi moja ya Raskazone. Majina ya watu napiga kutwa, kwa hiyo jina kwangu lina sauti na lina sura pia. Kinamama wa mjini siku hizi wanaongeza th mwishoni: Rehemath, Salmath, Hidayath. Maana haibadiliki, rehema ni ile ile, ila jina linakuwa kama gauni lililoshonewa lesi kwenye pindo. Jirani yangu anayeuza mitumba yeye kapitiliza kabisa. Binti yake kamwita Satini, jina la kitambaa, na ukimwuliza maana yake anakujibu bila kucheka, "Kilaini kisichochuja." Sasa mtaa mzima tunamwita Mama Satini, na mtoto mwenyewe anakua kama mgomba.

Basi nikachukua kalamu nikaandika Nurrath, nikafuatisha jina la baba yake. Nurrath maana yake nuru. R mbili niliziweka makusudi, ili anayelisoma asilipite mbio. Tumbo lilikuwa bado limenijaa, nami nilikuwa na hakika ni msichana, sijui kwa nini. Nililitazama lile jalada nikafurahi mpaka nikaona haya.

Sasa, kwetu mtoto hapewi jina kabla ya siku ya saba. Mpaka hapo anaitwa mgeni. Mgeni kalala? Mgeni kanyonya? Hata baba yake hulitunza jina moyoni, asilitamke. Mimi nililijua hilo tangu utotoni, tena nililijua wakati ule ule kalamu iko mkononi. Nikajiambia kuandika si kusema.

Siku ya saba ni kesho.

Leo tulimpeleka mtoto kliniki kuangaliwa kitovu, mimi na mama mkwe wangu, ambaye ametoka Kigombe kuja kunitunza uzazi. Nilikabidhi daftari mlangoni, tukakaa kwenye benchi. Baada ya muda nesi akatoka nalo mkononi akaita kwa sauti ya sokoni, "Nurrath! Nurrath Idrisa! Mama Nurrath yuko wapi?"

Sikuweza kuinuka. Mama mkwe alikuwa anageuza shingo huku na huku, anamtafuta huyo mzazi asiyesikia. Nesi akaita tena. Idrisa ni jina la mwanawe. Nikaona shingo yake inasimama, halafu akanigeukia taratibu, na mimi ndipo nikanyanyuka na mtoto wangu nikaenda.

Kitovu kizuri. Lakini nesi alimfunua mtoto macho akasema yana unjano kidogo. Akasema huwatokea watoto wengi, nimnyonyeshe sana, nimrudishe Jumatatu, na akilegea au akikataa ziwa nisingoje Jumatatu, nikimbilie hospitali. Alisema vizuri, kwa upole. Nilimwelewa kila neno.

Lakini neno unjano nilikuwa nimeshalisikia kabla.

Niandike yote, maana nikinyamaza nitapasuka. Huyu ni wa tatu. Wa kwanza alikuwa Shamimath, harufu nzuri, na jina lake nililidarizi kwenye foronya miezi mitatu kabla hajazaliwa. Homa ilimchukua kabla hajaanza kukaa. Wa pili alikuwa Rayyan, mlango wa peponi wanaoingilia waliofunga. Lake nililiandika nyuma ya picha yetu ya harusi, nikalificha. Rayyan alianza kwa macho ya manjano. Siku ya kumi na tisa tulimzika.

Sitaki kuamini kwamba jina linaua mtoto. Nimesoma, najua homa ni homa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeumwa mara mbili. Tangu tuliporudi nimemfunua mtoto macho mara nyingi kuliko nilivyomnyonyesha. Nampeleka dirishani, namrudisha, nampeleka tena. Wakati mwingine naona unjano, wakati mwingine naona mwanga wa jua tu.

Njia nzima mama mkwe alitembea mbele yangu. Nyumbani akavua buibui, akanawa mikono, akaja kuketi miguuni pa kitanda. Nilidhani atanigombeza. Ingekuwa nafuu.

"Miye sikugombezi, mwanangu," akasema. "Nuru naijua, imo msahafuni. Hiyo lesi uliyoishonea mwishoni ndiyo siijui, lakini haina neno. Ila umemwita kwa uzuri mno, naye bado mgeni. Wamesikia."

"Nani, mama?"

"Hao waliowachukua wale wawili."

Kisha akanieleza anachotaka kifanyike kesho. Mtoto aliyetanguliwa na vifo hapewi jina la kupendeza. Anapelekwa jaani, pale tunapomwaga majivu na maganda, analazwa kwenye ungo, anaachwa. Mwanamke mwingine, ambaye wanawe wote wa hai, anapita kama mpita njia, anamwona, anamwokota. Kuanzia hapo jina lake Mwanajaa, mtoto wa jalalani, asiyetamaniwa na yeyote, si wa duniani wala wa kuzimu.

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia mwanangu si takataka. Nikamwambia Idrisa akiwapo asingekubali, angesema hayo dini haiyajui. Idrisa yuko Maramba, amekwenda kutafuta mbuzi wa akika, na atarudi kesho na mbuzi au bila mbuzi. Sijawahi kumpandishia sauti mama yule tangu niolewe. Aliinuka akaenda jikoni, na baada ya kitambo akaniletea uji wa pilipili manga, akauweka, akatoka tena. Alikuwa amelia. Watoto wale walikuwa wajukuu zake, nami kwa miaka yote hii nimehesabu msiba ule kuwa wangu peke yangu.

Uji umepoa hapo mezani. Nimekaa nao nikimfikiria tarishi wetu wa ofisini.

Anaitwa Mzee Majaa. Mwaka jana nilipokuwa napiga orodha ya wafanyakazi, nilifika kwenye jina lake nikacheka. Mimi ndiye niliyeanza, wenzangu wakanifuata. Nikasema huyu mzazi wake alikosa majina yote duniani akaona jaa? Sikujua kwamba mwenyewe amesimama mlangoni na mafaili. Nikaona aibu nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akaweka mafaili mezani, akasema bila hasira, "Mama yangu alizika watano, binti. Miye ndiye wa sita." Akaondoka kwenda kupeleka barua. Ana wajukuu sasa, na baiskeli yake anaipanda mpaka Kigombe na kurudi.

Sikumwomba radhi. Mpaka leo sijamwomba.

Nimejiuliza mchana kutwa ninachokiogopa ni nini hasa. Nimegundua sehemu ya woga wangu ni ya kijinga. Namwona binti yangu shuleni, mwalimu anaita majina, darasa zima linacheka. Namwona mpiga chapa mwingine kama mimi anasimamisha vidole vyake juu ya mashine ili acheke. Halafu nikajisuta. Ili achekwe shuleni lazima kwanza afike shule. Rayyan hakuna aliyewahi kumcheka.

Basi nimekwenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Kesho tufanye." Akaninyoshea mkono wenye vumbi la mchele, akanishika kifundo cha mkono, akakishikilia muda mrefu.

Ameshazungumza na Mama Satini, kumbe, tangu adhuhuri, kupitia uani. Mama Satini ana sita na wote wazima. Itakuwa jua likichomoza. Ataokota, atapaza sauti, "Nimeokota kitoto, nani anakitaka?" Mama mkwe atamkomboa kwa kibaba cha mchele, atamleta kwangu na kuniambia, wewe una maziwa, tunyonyeshee huyu wa jaani. Mimi nitampokea kama ninayefanya fadhila. Halafu mpaka siku atakapotembea nisimwite mwanangu mbele za watu. Nikiulizwa wa nani, niseme sijui, kaokotwa.

Jumatatu nitamrudisha kwa nesi bila kukosa. Hilo sikumwuliza mtu. Na unjano ukizidi kabla ya hapo, nitamfunga mgongoni niende, awe na jina au asiwe nalo. Jalada la daftari nimeshalifunika kwa gazeti, nimeandika juu yake Mwanajaa, kwa herufi za kawaida, kama linavyotamkwa. Linasomeka.

Idrisa sijui atasema nini. Naogopa atafika katikati ya shughuli, mbuzi mkononi, amkute binti yake juu ya maganda ya mihogo. Mama mkwe anasema mwanawe amwachie yeye.

Lipo sharti moja tu linalonishinda. Ameniambia nikishamlaza pale nirudi nisimame mlangoni petu, hatua kama ishirini, mikono imeshuka. Mama Satini hatakuja haraka, maana mpita njia haharakishi. Na mtoto atalia, ameniambia, lazima atalia, asubuhi kuna baridi na ungo ni mgumu. Nisiende, na uso usionyeshe kitu. Wanaotazama wasione mama.

Sasa hivi ameamka. Amekamata ziwa, ananyonya vizuri, ananitazama kwa yale macho ambayo siwezi kujua ni ya manjano au si ya manjano. Kesho atakapolia pale chini, je, nitaweza kusimama kama mtu asiyemjua?