Buibui wa Kwenye Ua Ulilotuletea

Mume wangu,

Huku tu wazima. Kikohozi cha mama yako kimepoa, na bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Lile ua ulilokuja nalo likizo, ukasema umeling'oa nyuma ya bweni lenu la mgodini, limeshika vizuri. Ila limekuja na mgeni. Katikati ya majani yake buibui wa mgongo wa njano amesuka utando wa duara, mpana kama sinia. Mama yako anasema ana macho ya mtu anayejua jambo.

Nikampeleka buibui huyo kazini kwangu, makumbusho. Mkuu wangu alimwangalia mpaka akavua miwani.

"Huyu ni wa mikoko ya pwani tu," akasema. "Huku bara hajawahi kuonekana."

Pwani sisi hatuna mtu, labda yule mtalaka wako.

Nikamwambia kama ulivyoniambia wewe, kwamba ua limetoka mgodini. Amefurahi kupita kiasi, anasema huo ni ugunduzi. Jumatano tunakuja naye huko kumtafuta mwenzake.

Tupokee stendi, utuonyeshe ulipoling'oa.

Ni mimi mkeo, ambaye mpaka sasa sijakuuliza kitu.